Mume wa Buibui

Mama yangu hakuwahi kukanyaga darasani. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha kuulizia chumvi na mafuta ya taa. Mazito yote aliyasema Kimwera. Lakini shamba letu la mikorosho kule Chinongwe alilijua mpaka wadudu wake. Wakati wa palizi alinionyesha buibui wakubwa wanaotanda nyuzi za njano kati ya miti, na wadogo wanaokaa pembeni mwao.

Ndiyo maana, nikiwa kidato cha pili Nachingwea katikati ya miaka ya tisini, mwalimu wa baiolojia aliposema yule buibui mdogo anayekaa pembeni ya mkubwa ni mtoto wake, nilinyoosha mkono.

"Hapana, mwalimu. Yule ni mume wake."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akauliza nimesoma kitabu gani. Nikajibu nimeambiwa na mama.

"Kwani mama yako kasoma wapi?" akadakia msichana wa nyuma.

Wakacheka tena. Wangenicheka mimi ningekaa kimya. Mama yangu, hapana. Nikamwomba mwalimu tutoke nje.

Nyuma ya bweni palikuwa na utando wa buibui hao, mkubwa katikati, mdogo pembeni. Nikakamata panzi, nikamrushia humo. Buibui mkubwa akamkimbilia, akamng'ata kwanza, ndipo akaanza kumviringishia nyuzi.

"Sasa mtazameni mdogo," nikasema, nikiomba atoke, maana siku nyingine hatoki. Mama alinieleza kwamba dume huogopa kuliwa, hivyo husubiri mdomo wa mkewe uwe na kazi ndipo ampande.

Tukasubiri. Wengine wakaanza kuguna. Kisha yule mdogo akagusagusa uzi, akasogea, akasimama, akapanda taratibu tumboni kwa mkubwa. Mke akaendelea kula, wala hakumfukuza. Msichana wa nyuma akajishika mdomo.

"Nimekosea," mwalimu akasema mbele ya wote. Namheshimu kwa hilo mpaka leo. "Mama yako anajua na mengine?"

Likizo ya Juni akaja kwetu kwa baiskeli. Mama akatangulia kati ya mikorosho, jembe begani, akieleza kwa Kimwera. Mimi natafsiri, mwalimu anaandika. Nilijiona mrefu kuliko miti ile. Ghafla mama akageuka, akamwambia moja kwa moja kwa Kiswahili chake cha sokoni:

"Mwalimu, usiandike kwanza. Tazama."

Mwalimu akafunga daftari, akachuchumaa.