Karatasi Niliyoipangusa kwa Maji

Harufu ya vumbi la Kitengela likikutana na kitambaa chenye maji ndiyo harufu ya Jumamosi zangu zote za miaka ya tisini. Vumbi lilipita chini ya mlango, likalala juu ya redio, vikombe, hata Biblia ya Mama, na kazi yangu ilikuwa kulipangusa. Baba, aliyetuhamisha kutoka Bungoma, alifanya kazi Nairobi katika ghala la mimea iliyokaushwa. Mwezi ule alileta nyumbani sanduku la karatasi ngumu ili anakili maandishi yaliyofifia. Kila karatasi ilikuwa imebandikwa kitu kikavu pamoja na jina la aliyekiokota. Nilipoona sanduku lina vumbi, nikalipangusa. Karatasi ya juu, yenye ganda jeusi kama ukoko wa ugali ulioungua, niliipangusa kwa bidii zaidi.

Baba alipoona unyevu, alikaa kitini polepole. "Nafula, hii iliokotwa kabla sijazaliwa. Jumatatu natakiwa kuirudisha ikiwa kavu." Hakunichapa, na hilo ndilo lililoniogopesha. Nilikaa sakafuni nikiitazama, nikituona tayari tumefungasha virago kurudi Bungoma kwa sababu ya kitambaa changu. Ndipo ganda likaanza kuvimba. Kwanza ukingo, halafu katikati, likawa laini, likang'aa kijani chenye bluu kwa mbali. "Baba, inaamka." Aliinama hadi pua yake ikakaribia kuigusa. Akanieleza kwamba ni mwani, ule mdogo sana unaoishi kwa kushikana pamoja, na kwamba kuvimba si kuishi, maana hata sifongo huvimba. "Tungoje," akasema, lakini hakuinua kichwa.

Mama Naserian, jirani aliyetuletea maziwa, alichungulia akacheka. "Baba Nafula, hii ndiyo unawekea sanduku? Kwangu nyuma ya boma, mvua ikinyesha, iko kwa mawe yote. Mbuzi wanateleza nayo."

Jumatatu Baba alikiri kosa langu kazini kana kwamba ni lake. Mkubwa wake alikata kipande kidogo cha lile ganda, akakitia katika chupa ya jamu yenye maji safi, akakiweka dirishani. Wiki ya tatu Baba alitoka steji ya matatu akikimbia, tai imerukia begani, akaniinua juu mbele ya majirani. "Imeota, Nafula. Ilikuwa imelala tu."

Mwaka huu nilikwenda kuiona karatasi hiyo kule ghalani Nairobi. Nyuma ya boma la Mama Naserian sasa kuna maghorofa, na yale mawe yalipondwa yakawa kokoto. Kitengela yetu imefunikwa kwa saruji, na mwani ule sijauona tena huko. Lakini kwenye karatasi, chini ya jina la aliyeuokota, kuna mstari wa mwandiko wa Baba: "Ulilowanishwa na Nafula, Kitengela, siku ya Jumamosi. Ukaota." Ukingoni palikuwa na vumbi kidogo. Safari hii nililipuliza tu.