Mawe Yetu Uvunguni mwa Mwanamume

Apa kwanza kwamba hutamwambia mtu. Umeapa? Vizuri, maana kisimani nimekwisha kuwaambia wote.

Siku tatu jiwe langu la juu la kusagia halikuonekana. Mwanangu amejifungua, anataka uji wa uwele, na mimi natazamana na nafaka nzima kama kuku! Jiwe lile limezoea mkono wangu miaka na miaka; la kuazima halinikai kiganjani. Majirani zangu wawili nao walikuwa wanalia kilio hicho hicho.

Jana dukani, mwanamume wa nyumba ya tembe iliyo nyuma yetu alikuwa akijipiga kifua mbele ya mwenye duka.

"Wadachi wakichagua askari pale bomani, watanichukua mimi. Nafanya mazoezi peke yangu, ndani."

"Kwa vyuma vya kunyanyua?"

"Vyuma ni ghali, tena vinajaza nyumba. Mimi nina vitu vidogo vya mkononi, vinakaa uvunguni, wala sikutoa hata pesa moja."

Papo hapo nikajua mawe yetu yako wapi. Eti anatafuta nguvu, na kwake mkewe ndiye anayechota maji na kukata kuni! Angetusagia uwele angetanuka mabega hayo hayo, nasi tungekula.

Leo asubuhi tulikwenda wanawake wote wa mtaa, tukasukuma mlango. Tulimkuta chali sakafuni, jiwe langu mkono wa kulia, la jirani mkono wa kushoto, na la tatu juu ya kifua, likipanda na kushuka na pumzi yake.

"Shikamooni, mama zangu," akasema.

Nikalitwaa jiwe langu mkononi mwake, nikaenda kusaga uwele.