Pikipiki ya Watu Wawili

Wiki iliyopita nilipita mbele ya karakana ya mchomeleaji mmoja hapa Dilala, Kolwezi, nikitoka sokoni, na harufu ikanisimamisha. Ilikuwa harufu ya rangi ya zamani inayoungua juu ya chuma, imechanganyika na petroli iliyomwagika mchangani. Watu wengi huziba pua. Mimi nilisimama pale na kapu langu la mboga za lengalenga, nikavuta pumzi kama mtu aliyefika mlangoni kwao bukari, ugali wetu, ikiwa inasongwa, hadi yule fundi akanyanyua kinga yake ya uso na kuniuliza kama nimepotea. Nikamwambia sijapotea. Kumbe akili yangu ilikuwa imeshaondoka, imerudi uani kwa shangazi yangu, mwaka niliokuwa na miaka tisa.

Kwanza niwaeleze kuhusu Baba. Jina lake Kayombo, mzaliwa wa Kasaji, kule magharibi inakopita reli. Alikuja Kolwezi kijana akachimba shaba kwenye mashimo kama wenzake, lakini roho yake haikuwa shimoni. Ilikuwa kwenye pikipiki. Alikuwa na moja nyekundu aliyoiunda mwenyewe kutokana na mizoga ya pikipiki tatu, na kila alipopata siku kumi za mapumziko alifunga blanketi nyuma, akaenda. Alikwenda Dilolo. Alikwenda Sandoa. Majirani walimuuliza amekwenda kufanya nini, maana kwetu mtu hasafiri njia kama zile bila gunia la muhogo au mgonjwa wa kumpeleka mahali. Baba alijibu, "Kuona." Hakuongeza neno. Alirudi mwekundu kwa vumbi mpaka kwenye kope, na Mama alimmwagia maji uani kama anaosha gari.

Kisha siku moja udongo wa shimo ukamwangukia. Alitolewa hai, ila mguu wa kushoto ulibidi ukatwe chini ya goti.

Misimu miwili ya mvua Baba alikaa kwenye kiti chake barazani. Hakuwa mkali, hakuwa mlevi. Alikuwa kimya tu, na ukimya ule ulitutisha zaidi. Pikipiki nyekundu ililala chini ya turubai, kuku wakataga mayai juu ya tangi. Kwao Kasaji hakupeleka habari. Mama yake, Nkambo wangu, alipoulizia kwa nini mwanawe haji, Baba alimwagiza Mama ajibu kwamba kazi ni nyingi. Mimi nilikuwa najua kuwa ule ni uongo, na nilijua pia kwamba sikutakiwa kuusema.

Aliyeuchoka ukimya ule alikuwa mdogo wake, shangazi yangu Félicité, ambaye tulimwita Tantine Feli. Alikuwa mchomeleaji, mwanamke pekee niliyemjua mwenye kazi hiyo, mikono imejaa alama ndogondogo za cheche. Jumamosi moja alifika nyumbani pamoja na Tonton Saidi, yaani mjomba kwa heshima, rafiki wa Baba ambaye ukoo wake ulitoka Maniema na uliishi kwa kusafirisha mizigo. Hawakuomba ruhusa. Walivuta turubai, wakawafukuza kuku, wakaanza kusukuma.

"Weye Feli, unapeleka wapi moto yangu?" Baba aliita. Kwetu pikipiki tunaiita hivyo, moto.

"Hospitali," alijibu bila kugeuka.

"Moto haiko mugonjwa!"

"Mi najua. Njo maana itapona mbele, weye utafuata."

Wiki zilizofuata nilitoka shule moja kwa moja hadi kwa Tantine. Sijawahi tena kuona watu wakifanya kazi kwa furaha namna ile. Tonton Saidi naye alikuwa mpenzi wa kuunda. Pikipiki yake ilikuwa ndefu kama twiga, amezidisha kimo chake kwa ajili ya mchanga na madimbwi, na kiti amekivalisha ngozi ya mbuzi ambayo ikilowa mvua ilinuka hadi barabarani. Walibishana kutwa nzima juu ya vipande vya bomba. Walichora kwa chaki sakafuni, wakafuta kwa viatu, wakachora tena. Walikata pipa la mafuta kwa urefu, nusu yake wakaifanya kiti cha pembeni, wakakipa gurudumu lake, wakakifunga upande wa kulia wa pikipiki. Sasa haikuhitaji mguu wa kushoto kuizuia isianguke ikisimama. Ilisimama yenyewe kama meza. Watoto wa mtaa walipokiona kile kipipa walisema ni beseni la kufulia, na jina likabaki. Pikipiki ikaitwa Beseni.

Ila gia zilikuwa bado upande wa kushoto, na hubadilishwa kwa mguu ambao Baba hakuwa nao. Tantine alipitisha nondo nyembamba chini ya injini hadi kulia, akaipandisha kando ya tangi ili Baba aivute kwa mkono. Siku ya majaribio Mama alikataa kutazama. Mimi nilitazama. Baba alibebwa juu ya kiti, akawasha, akaenda vizuri mpaka gia ya pili. Alipoachia usukani mkono wa kulia ili avute nondo, kile kiti cha pembeni kilivuta upande wake, na Beseni ikaingia moja kwa moja kwenye mahindi ya jirani. Hakuumia. Alitoka pale na majani kichwani, akaomba magongo yake, akasema kwa upole, "Feli, inatosha. Muiuze." Akarudi barazani.

Tantine Feli alikaa juu ya ndoo muda mrefu, ameshika tama. Niliogopa kwamba naye angenyamaza kama Baba. Kisha akanitazama. Alinitazama mikono, akaniambia niingie kwenye pipa nikae. Kesho yake ile nondo ilikuwa imehamishwa, imesimama ndani ya kiti cha pembeni, mbele ya magoti yangu, na juu yake amechomeka kipande cha mchi wa zamani wa Mama kiwe kishikio.

"Njo nani atavuta hii?" Baba aliuliza alipoletwa tena.

"Mado," Tantine alisema. Mado ni mimi.

"Mutoto?"

"Mutoto iko na mikono mbili, na masikio. Weye utavuta klachi, utaita, ye atabadilisha."

Mama aliposikia alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Munataka kuniulia batu babili mara moja?" Lakini nadhani alikuwa ameona kitu usoni kwa Baba, kwa sababu hakungoja jibu. Siku tatu baadaye alinishonea mto wa kukalia, umejazwa sufi, na akauchoma kwa sindano mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Tulijifunza kwenye uwanja mtupu nyuma ya shule. Baba akisema "Pandisha", navuta. Akisema "Shusha", nasukuma. Mwanzoni nilichelewa, injini ikanguruma kama imekabwa. Baada ya wiki nilianza kusikia kwa tumbo ni lini ataita, na mara nyingine mkono wangu ulikuwa umeshashika mchi kabla hajafungua mdomo. Kiburi changu kilikuwa hakina mfano. Shuleni niliwaambia wenzangu kwamba Baba anashika usukani tu, mwendeshaji ni mimi.

Mwanzoni mwa kiangazi Baba alisema jioni moja, akila, bila kumwangalia mtu, kwamba anataka kwenda Kasaji.

Tuliondoka asubuhi, pikipiki mbili: Beseni mbele, na Twiga, ile ndefu ya Tonton Saidi, nyuma, naye amempakia Tantine na begi la vifaa. Tuliacha nyuma vilima vya udongo vya mgodi wa Mashamba na malori yake, njia ikawa nyembamba, miti ikawa mingi. Jamani, ile safari! Upepo ulikuwa na harufu ya majani makavu yaliyochomwa. Kwenye kila kijiji watu walitoka kutazama mtu mzima na mtoto ndani ya beseni, wakatupigia makofi, wanawake wakapiga vigelegele kana kwamba tunapita na bibi harusi. Mchangani Baba alikuwa fundi. Aliinamisha mwili mzima, akaisoma njia mbali, akaita kwa sauti ndogo, "Shusha... Sasa pandisha," na mchanga ukatupisha. Nilikuwa nimeishi naye miaka tisa, na sikujua kwamba baba yangu anajua kitu kwa kiwango kile. Tulilala Mutshatsha, na sikumbuki chochote isipokuwa kwamba mikono yangu iliendelea kutikisika usingizini.

Siku ya pili tulikuta mto mdogo ambao magogo ya daraja lake yalikuwa yamesombwa. Tuliuvuka kwa maji ya magotini, vizuri kabisa. Taabu ilikuwa ng'ambo, mlima wa udongo mwekundu, bado umelowa kwenye kivuli. Tulianza kupanda. "Shusha!" Baba aliita. Nikasukuma. "Shusha tena!" Nikasukuma kwa haraka, kwa woga, na sikufikisha. Mchi ulikaa katikati, pasipo na gia yoyote. Injini ikalia bure, na Beseni ikaanza kurudi nyuma.

Baba alibana breki zote mbili. Matairi yalishika, lakini udongo haukushika, tukateleza polepole kuelekea majini, na nyuma yetu nikamsikia Tantine akipiga kelele. Mimi nilikuwa nasukuma na kuvuta ovyo, machozi yamenijaa, siuoni hata mchi wenyewe.

"Mado," Baba alisema. Hakupaza sauti. Alisema kama mtu anayeomba chumvi mezani. "Achilia mukono. Pumua. Mi niko hapa. Sasa tafuta gia moja tu."

Niliachilia, nikapumua, nikashika tena. Nikasukuma taratibu mpaka nikasikia gia ikiingia, klak, chini ya miguu yangu. Baba akaiachia klachi kidogo kidogo, kama mtu anayemlaza mtoto mchanga. Tairi likazunguka, likarusha matope, likauma ardhi. Wakati huo Tonton Saidi alikuwa ameshafika mbio, ametutia bega. Tukapanda.

Juu ya mlima nilingoja kugombezwa. Baba alizima injini, akajifuta uso.

"Mi pia nilikosa," alisema. "Nilikuita mbiyo sana."

Halafu akacheka. Alicheka mpaka akajiinamia juu ya tangi, na Tonton Saidi, ambaye alikuwa matope tangu unyweleni hadi viatuni, akacheka naye. Tantine Feli alitupa kisogo, akajifanya anakagua tairi.

Kasaji tulifika mchana. Nkambo alikuwa anaanua mihogo kwenye mkeka. Mngurumo ulimfanya asimame, mwembamba, amejifunga kitenge cha bluu. Baba alizima injini lakini hakushuka. Alibaki amekaa, mkono mmoja kwenye usukani, suruali yake ya kushoto imekunjwa na kufungwa kwa pini, upande ambao Nkambo hakuweza kuuona.

Nkambo alituzunguka polepole. Akagusa pipa. Akanigusa shavu. Akaenda hadi upande wa kushoto, akasimama hapo.

"Shuka, Kayombo," alisema. "Batu ba treni balinielezaka zamani."

"Mama, ulijua?" Sauti ya Baba ilikuwa ya mtoto.

"Nilijua. Ule muguu ulienda, hakuna neno. Mi nilikuwa nangoja huu wenye ulibakia uniletee mutoto wangu."

Baba alishuka kwa mara ya kwanza bila magongo, akimshikilia mama yake begani, na yule bibi mwembamba akambeba uzito wote hadi mkekani.

Tulikaa siku tano. Nkambo alidai naye kupanda Beseni, akazungushwa mji mzima huku amenipakata, na kila alipoona mtu anayemfahamu alinikanyaga ili niinamishe kichwa, yeye aonekane vizuri.

Baada ya hapo Baba hakukaa tena barazani. Alifanya kazi na Tantine, na waendesha pikipiki waliopata ajali walianza kuletwa uani kwao, huyu hana vidole, yule goti halikunjiki, na kila mmoja akaundiwa ya kwake. Kila kiangazi walikwenda mbali, wakawa wanne, wakawa saba. Mimi nilivuta mchi ule miaka mitatu, hadi magoti yangu yakawa hayaenei ndani ya pipa.

Nilikuwa nimeshaolewa nilipomwona Tantine akimtengenezea kijana mmoja asiye na mguu wa kushoto. Alipitisha nondo chini ya injini, akaweka kanyagio la pili upande wa kulia, kisigino kwa gia, vidole kwa breki. Ilimchukua asubuhi moja.

"Tantine," nikamuuliza, "hii hukuijua wakati ule?"

"Niliijua. Ilinijia pale juu ya ndoo, ile siku ya mahindi." Aliendelea kukaza nati. "Ningeiweka, angeenda ye peke. Na wakati ule, Mado, sikutaka aende mahali peke."

Nilirudi nyumbani nikitembea taratibu. Nilijiona mjinga kidogo, mimi niliyejigamba shule nzima. Halafu, karibu na mlango, likanijia jambo jingine, na hilo ndilo ninalolibeba hadi leo. Baba alizijua pikipiki kuliko mtu yeyote katika mji huu. Haiwezekani kwamba hakuliona lile kanyagio, tangu siku ya kwanza niliposhika mchi, nafasi yake iko wazi pale chini ya mguu wake wa kulia. Aliliona. Akanyamaza, akavuta klachi, na kila mara, njia yote hadi Kasaji na kurudi, akaningoja.