Audace na Vivuli vya Asubuhi

Kaka yangu Audace alikuwa mpiga picha. Mjini Mpanda, mtaa wa Majengo, alipiga picha za pasipoti, harusi na kipaimara. Lakini picha alizozipenda alizipiga nyumbani kwetu Katumba, jua linapochomoza, vivuli vikiwa bado virefu. Alipiga kivuli cha mwanamke anayepampu maji, cha mbuzi aliyefungwa kamba, cha fito za kukaushia tumbaku. Jua likipanda alifunga kamera.

Siku moja asubuhi jirani yetu Méthode, akikokota baiskeli yake, alimkuta amepiga magoti barabarani.

"Fundi, umedondosha nini?"

"Baiskeli yako. Tazama ilivyolala."

Méthode akachungulia kwenye kioo cha kamera. "Hii siyo yangu. Yangu haina matairi ya futi kumi."

"Basi uwe unaiendesha asubuhi tu."

Chanzo cha vivuli kilikuwa Mama. Mama yetu, Goreth, alikimbia Burundi mwaka 1972 akiwa na miaka minane. Anasimulia kwamba walipopokelewa Tanzania alisimamishwa mbele ya kamera ameshika kibao chenye namba. Kesho yake wakapakiwa kwenye lori, na bibi yake akaachwa kwa sababu jina lake lilikuwa kwenye orodha nyingine. Hawakuonana tena. Tangu hapo aliamini kwamba kamera ikimtazama usoni, kuna mtu wake ataondoka. Picha ya kitambulisho alipigwa kwa sababu hakuwa na namna, na siku hiyo hakula.

Kila Krismasi Audace alimwomba.

"Mama, uso wako mara moja tu."

"Piga kilicho chini," Mama alimjibu. "Cha juu niachie."

Akapiga kilicho chini kwa miaka kumi: kivuli cha Mama akifagia uwanja, Mama na jembe begani, Mama akienda misa ya kwanza.

Februari mwaka huu Audace aliugua malaria, ikapanda kichwani. Siku ya nne Mungu alimchukua. Alikuwa na miaka thelathini na minne.

Mama hakulia makaburini. Wiki moja baadaye, tukiwa tunasali rozari, alisimama katikati ya fungu la sala akaniambia, "Aline, labda alinipiga uso kwa siri. Labda ndiyo maana."

Nilimwita Padre. Alimweleza kwa upole kwamba Mungu hachukui watu kwa sababu ya picha.

"Najua, Padre," Mama alisema. "Lakini mniangalizie."

Nikaenda Majengo. Rafiki yake Patrick, waliyekuwa wanatumia naye studio moja, akanifungulia picha zote kwenye kompyuta. Zilikuwa zaidi ya elfu mbili. Kabla ya kuanza nilifanya ishara ya msalaba, maana sikujua ningemwambia Mama nini kama ningeukuta uso wake hata mara moja. Kumdanganya nisingeweza, na ukweli ungemmaliza.

Tulikaa hadi alasiri. Uso wa Mama haukuwepo.

Karibu na mwisho kulikuwa na picha moja iliyoharibika: udongo uliovutika kama umefutwa kwa mkono, kivuli chenye ufagio, na pembeni kandambili za Mama, vidole vikielekea kwenye kamera.

"Hapa mama aligeuka ghafla," Patrick alisema. "Jamaa akainamisha kamera wakati kidole kiko tayari kwenye kitufe."

Nilimwomba anisafishie hiyo kwenye karatasi, nikampelekea Mama.

Mama aliishika karibu na macho, kwenye mwanga wa mlangoni. Alizitambua kandambili zake.

"Nilikuwa namuuliza kama atakula viazi," alisema. "Alikuwa ananiona vizuri kabisa?"

"Ndiyo, Mama. Alikuwa karibu."

"Na hakunipiga."

"Hakukupiga."

Akaketi chini palepale kizingitini, picha mapajani, akaanza kumlilia mtoto wake kwa sauti, akimwita jina. Wanawake wa jirani wakasikia, wakaanza kuja.