Wivu wa Kocha Pyo

Saa mbili asubuhi, kwenye uwanja wa manispaa ya Donghae, Pyo Gil-ho anawafokea mabeki wanne waliofungwa kamba moja viunoni.

"Mmoja akisogea, wote mnasogea! Wewe Tak, umekunywa supu ya mwani nini? Mbona unateleza hivyo?"

Wenzake wanacheka. Tak anainuka na kuinama kuomba radhi.

Pyo, mwenye miaka arobaini na saba, anafundisha timu ya daraja la nne. Alicheza beki wa kati mechi 312, nyingi akiwa na beki mwenzake Ok Tae-sang, aliyemzidi umri kwa miaka miwili. Leo Ok anafundisha klabu ya ligi kuu.

"Namwonea wivu, sifichi," ananiambia Pyo, nikiwa nimekuja kumhoji. "Siku akishinda, hata kabichi ya kimchi hainipiti kooni."

Kisa ni cha miaka ishirini na moja iliyopita. Wateuzi wa timu ya taifa walikuwa jukwaani. Ok alipoteza mpira, mshambuliaji akabaki yeye na kipa. Pyo akamkwatua na kulambwa kadi nyekundu. Wiki iliyofuata Ok akaitwa timu ya taifa. Pyo hakuitwa hadi anastaafu.

Mkewe, Seok-ran, muuza samaki wakavu sokoni, ameuchoka wimbo huo. "Baba Da-on," humwambia, "huo wivu wako ungekuwa mchezaji, ungeshavaa jezi ya taifa."

Aprili mwaka huu, droo ya kombe ikamkutanisha Pyo na klabu ya Ok. Vijana wa Pyo, wakiwamo matarishi wawili na fundi wa kiwanda cha saruji, waliwabana matajiri hao hadi dakika ya 117. Kisha ikaja kona, kichwa, bao. Wakatolewa.

Ok alivuka uwanja hadi kwenye benchi la Pyo, akainama sana.

"Kaka, ile kadi ilikuwa yangu."

"Miaka yote hiyo kimya, unaniambia leo baada ya kunifunga?"

"Nilikuwa naona aibu. Kaka, njoo unifundishie mabeki. Wangu hawajui kusimama kama wako."

Pyo aliomba siku tatu. Siku ya tatu akapiga simu, akakataa.

Seok-ran alinuna wiki nzima. "Umekataa ligi kuu kwa ajili ya kinyongo?"

"Si kinyongo," Pyo ananieleza, akikunja kamba. "Angeniita kwa huruma, ningemtukana. Lakini ananihitaji, unaelewa? Niliposikia hivyo nilifurahi mpaka nikajiogopa. Nikienda, mabeki wakicheza vizuri, sifa ni zake tena."

Timu yake iko nafasi ya pili. Mbili za juu hupanda daraja. Zimebaki mechi sita.

"Napanda la tatu, halafu la pili, halafu ligi kuu," anasema, akihesabu kwa vidole. "Nimemwambia Tae-sang asithubutu kufukuzwa kazi. Anisubiri hapohapo alipo."