Kitako cha Loliondo

Ungemfanya nini mtu aliyenunua sadaka yako ili akaichome moto?

Philemoni, seremala wa Olmotonyi, alijua angemfanya nini. Shida ni kwamba mtu huyo walisali naye kanisa moja.

Ilikuwa mwaka wa tisini na tatu, biashara imefunguliwa, maduka ya mjini yamefurika vitu vya nje. Derick alikuwa ameleta dukani kwake bunduki za upepo zenye vitako vya plastiki nyeusi, sehemu ile ya kuegemeza begani. Zamani, mtu aliyevunjikiwa kitako alipanda mlimani kwa Philemoni akachongewa kingine cha loliondo, ule mti mgumu wa msituni, uliokaushwa miaka mitatu darini juu ya moshi wa jiko. Sasa hakupanda mtu.

Jumapili ya mavuno Philemoni alipeleka madhabahuni kitako kimoja, kizuri kuliko vyote alivyowahi kuchonga. Baada ya ibada kikapigwa mnada uwanjani pamoja na ndizi na kuku, kama ilivyo desturi. Derick akapandisha dau mpaka wenzake wakanyamaza. Akakiinua juu.

"Wapendwa, mnaiona kuni hii? Mke wangu ataivishia makande leo leo! Fundi, dunia imehamia kwenye plastiki, wewe bado unahangaika na magogo?"

Watu walicheka. Mchungaji aliinamisha uso, lakini mabega yakamsaliti.

Tangu siku ile Philemoni alikula hasira, akanywa hasira. Akipitisha randa kwenye ubao, aliona shingo ya Derick.

Ndipo akaja Agnela, jirani yake mfugaji wa kuku.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu."

"Mwewe ananimalizia vifaranga. Bunduki ya marehemu baba ipo, ila kitako kimeoza. Derick anataka kunifungia cha plastiki. Anasema hakinywi maji, halafu ni chepesi."

"Chepesi!" Philemoni alitema mate. "Bunduki ya springi ikifyatuka inaruka kama punda. Inataka uzito wa kuituliza. Njoo Ijumaa uchukue cha kwangu. Halafu upite nacho mlangoni kwa Derick, akione vizuri."

Lakini ubao wake wa mwisho uliokauka ndio aliokuwa ameutoa sadaka. Uliobaki ulikatwa Pasaka, ungali na maji ndani. Alijua mti mbichi hupinda ukauvuta mtutu. Baada ya miezi miwili Agnela angemlenga mwewe akampiga kuku wake mwenyewe. Akauchonga hivyo hivyo. Akaupaka mafuta mpaka ukang'aa. Miezi miwili inatosha, alijiambia. Derick atakuwa ameshaaibika.

Ijumaa Agnela alikipokea kwa mikono miwili. "Fundi, hiki nitawaachia wajukuu."

Neno hilo lilimchoma. Philemoni alimpokonya kitako, akachukua msumeno, akakikata vipande viwili mbele yake.

"Mti mbichi huu. Nilitaka kumkomoa Derick kwa kuku wako. Nenda kachukue plastiki, Agnela. Ina heri kuliko uongo wangu."

Usidhani hasira ilipungua. Ilizidi, maana sasa Derick angeshinda kwa mkono wa Philemoni mwenyewe.

Agnela aliviokota vile vipande. "Basi kesho tumuwahi Derick nyumbani kwake kabla hajateremka mjini, ukanikagulie skrubu."

"Nitakuja. Nataka nimtazame usoni."

Asubuhi yake, umande ukiwa bado majanini, walifika kwenye ua wa masale wa Derick. Alikuwa uani, amevaa singlendi, amewapa mgongo, akimlenga kunguru juu ya mparachichi. Pu! Kunguru akaanguka kama jiwe.

Bunduki iliyokuwa begani mwake haikuwa na weusi wowote. Kitako kilikuwa cha rangi ya asali mbichi, chenye mshipa mweusi uliopinda karibu na shavu, mshipa ambao Philemoni angeutambua kwa vidole hata akiwa amefumba macho.

"Habari za asubuhi, Derick!" Agnela alipaza sauti mpaka wauza maziwa wakasimama barabarani. "Makande yaliiva?"

Derick aligeuka. Hedwiga, mke wake, ndiye aliyeanza kucheka, mlangoni pa jiko, mwiko mkononi. Wauza maziwa wakampokea kicheko.

Philemoni alisimama getini, mikono nyuma, akamtazama Derick akiihamisha bunduki kutoka ubavu hadi ubavu, akitafuta mahali pa kuificha.