Siku Niliyolilia Kitabu Nisichokisoma

Jamani, hii nilikuwa nimeapa nisimwambie mtu, lakini kwa kuwa nusu ya Mbale inaijua tayari, bora muisikie kwangu kuliko kwa Afande Akello, maana yeye kila akiisimulia anaongeza chumvi.

Mnajua nauza vitabu Jinja, kwenye duka la Mama Nabirye (lile lenye paka anayelala juu ya kamusi). Tuna rafu ya vitabu tunavyovipenda, na chini ya kila kimoja tunabandika kadi ndogo ya kusema kwa nini tumekipenda. Sasa asubuhi moja kulikuwa na kitabu kipya, *Mazishi ya Alhamisi*, hakina kadi, na Mama anataka rafu iwe tayari kabla wateja hawajaingia, nami sijakisoma hata mstari. Nikatazama jalada, nikaona jeneza, nikaandika: "Nililia mpaka ukurasa wa mwisho. Nekesa." Basi, nikaenda kunywa chai.

Kumbe Afande Akello, askari magereza wa Mbale aliyekuwa akipita Jinja, alikinunua kwa sababu ya kadi ile, akawapelekea wenzake wanaosoma pamoja kila Jumamosi, kisha akampigia Mama simu: leteni vitabu vyenu huku, na huyo Nekesa asikose. Duka letu halikuwa limewahi kualikwa popote. Mama alifurahi mpaka akaniazima gomesi yake, lile vazi lake la sherehe (mimi, Mkenya wa Busia, sijui hata kufunga ule mshipi wake!).

Ukumbi ulijaa askari, walimu na wenye maduka. Afande akasimama.

"Nyinyi wote mumesoma hii kitabu. Sasa huyu ndiye mtu alilia. Dada, sema, ulilia wapi?"

Hapo ningesema ukweli yangeishia palepale, lakini mdomo wangu, wee!

"Pale... pale wanapomshusha marehemu kaburini," nikasema, na jicho nikalipangusa.

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko, watu wanapiga meza, wanashikana mabega, na Mama Nabirye kainamia mkoba wake kama anayetafuta kitu humo. Ndipo mama mmoja mwenye miwani, kiti cha mbele, akanyanyuka taratibu.

"Mwanangu, mimi ni Mwalimu Khainza. Hiki kitabu nilikiandika mimi, hapa hapa Mbale, mtaa wa Nkoma. Marehemu wangu hafi. Anafika kwenye mazishi yake amepanda boda boda, anauliza chakula kiko wapi."

Nikasimama kuomba radhi, mshipi wa gomesi ukafunguka, nikaukamata kwa mkono mmoja.

"Mwalimu, nisamehe. Sijakisoma. Niliona jeneza tu."

Akanitazama, akanipa nakala yake. "Basi soma sasa. Kwa sauti."

Nikaanza, na kufikia ukurasa wa pili aibu nilishaisahau, maana kitabu chenyewe kitamu! Mjane nikampa sauti ya shangazi yangu, padri nikampa sauti ya kondakta wa Malaba, na marehemu alipoulizia chakula, Afande Akello alikuwa ameegemea ukuta, machozi yanamtoka kwa kicheko. Kila nikitaka kuacha wanapiga kelele, "Endelea!" Nikasoma sura tatu nzima, wakasimama wote kunipigia makofi, na nakala tulizobeba zikaisha hata chai haijaletwa.

Mwalimu Khainza akanikumbatia, akamwambia Mama, "Anayesoma namna hii usimwachie aondoke."

"Bannange, jamani," Mama akasema, "tangu pale kaburini nilikuwa nimeshamfukuza kazi kimoyomoyo!"

Sasa kila mwezi tunaitwa Mbale, na msomaji ni mimi, tena Mwalimu amesema kitabu chake kijacho hakisomi mtu mwingine mbele za watu. Lakini kukisifu kitabu ambacho sijakimaliza? Sirudii, hata Mama anisimamie kichwani. Mteja akiniuliza kitabu nisichokijua namwambia bado sijakisoma, rudi Jumatatu, na Jumapili nzima msinipigie simu.